"Kinshasa Succursale": mutoto wa Lubumbashi na njia ndefu ya kurudi nyumbani



Leo tuzungumuze muziki, lakini tuuzungumuze sawa watu wenye kutafuta historia. Niko na albamu moja mu kichwa, albamu ya pili ya mwimbaji mumoja aliyezaliwa hapa kwetu. Wengi kati yetu waliona jina lake ku televizyo kwa sababu ya filamu, wakapiga makofi, alafu basi. Wachache njo walisikiliza albamu yenyewe. Mimi nasema ile albamu inaeleza kintu juu ya muji wetu ambacho hatupendake kukisema kwa sauti.

Tuanzie ku jina.

Mutu wa Dar es Salaam akisikia neno "balozi", anawaza nyumba kubwa yenye bendera, na bwana mwenye suti anayesemea inchi yake mu inchi ya wengine. Mutu wa Lubumbashi akisikia "balozi", ao "baloji", anafunga mulango. Kwetu mulozi njo ule anayekula watu usiku. Lugha ni moja, lakini kule neno linaleta heshima na huku linaleta woga. Sasa waza mutoto anayepewa jina la Baloji, alafu anapelekwa Bulaya akiwa mudogo kabisa. Kule hakuna anayejua maana ya jina lake. Siku atakaporudi nyumbani njo jina litaanza kumulemea.

Baloji Tshiani alizaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978. Akiwa na miaka kama mitatu ao mine, baba yake alimupeleka Ubelgiji, na mama akabaki huku. Yeye mwenyewe ameeleza mara mingi kama zamani jina hilo lilikuwa la mutu mwenye elimu ya siri, mutu wa kujua dawa, na kama ni wakati wa ukoloni na misheni njo lilipata ubaya. Hapa nifungue kabano, kwa sababu hata watu wa masomo wanachanganyaka: huyu si Sammy Baloji. Sammy ni mupiga picha, ule wa picha za Gécamines na mabaki yake, naye pia alizaliwa Lubumbashi mu mwaka ule ule wa 1978. Wote wawili wametoka ku muji mumoja, lakini kila mutu na kazi yake.

Albamu ya kwanza ilikuwa barua

Kule Liège, Baloji alikomaa mu rap. Alikuwa mu kundi la Starflam, wakimwita MC Balo, na kundi hilo lilijulikana sana mu Ubelgiji yenye kusema Kifaransa. Mu 2004 aliacha kundi, na kwa wakati fulani hakutaka tena kusikia habari ya muziki.

Kilichomurudisha ni barua. Mama yake, ambaye hakuwa na habari zake tangu 1981, alimuandikia kutoka huku. Ndugu yangu, piga hesabu. Ni zaidi ya miaka makumi mbili bila sauti, bila picha. Alafu karatasi moja inafika.

Kujibu, Baloji alifanya albamu nzima. "Hotel Impala" ilitoka mu 2007. Ndani yake anamueleza mama yote yaliyomupata tangu waachane. Ilikuwa kazi ya nguvu, na Ubelgiji iliipokea vizuri. Lakini tuiangalie kwa macho ya huku. Ni barua ya mutoto kwa mama yake, imeandikwa kwa Kifaransa cha Liège, imewekwa juu ya soul na rap, na kusomewa kwanza ku watu wa Bulaya. Ku komini ya Katuba nani ataisikia mupaka mwisho? Shida haikuwa upendo. Mutoto alikuwa anajibu mama kwa lugha aliyofundishwa mahali ambapo mama hakuwako.

Nafikiri kila mumoja wetu aliyesoma anajua ile shida. Unarudi nyumbani na diplome, unaanza kueleza kazi ya mwisho wa masomo yako, na mama anakuangalia kwa furaha kabisa bila kushika hata neno moja.

Albamu ya pili ilienda kutafuta masikio

Hapa njo inaingia albamu yetu. "Kinshasa Succursale" ilitoka mu 2010, na mu 2011 Crammed Discs, nyumba ya disiki ya Bruxelles, iliipeleka ku masoko ya inchi mingi. Baloji aliirekodi Kinshasa, pamoja na wanamuziki wa huku Kongo. Wimbo fulani wa albamu ya kwanza alirudilia tena, lakini sasa na magitaa, ngoma na makora ya huku. Sawa mutu anayeandika barua ile ile mara ya pili, kwa sababu ya kwanza ilifika bila kusomeka.

Watu wenye kufwata wasanii wanajua ugumu wa albamu ya pili. Ya kwanza uliibeba mu roho miaka mingi kabla ya kuingia studio. Ya pili unaulizwa mbele ya watu wote: uko na kintu kingine cha kusema ao ulikuwa na paka kile kimoja? Kwa mwimbaji anayejiongoza mwenyewe, swali linazidi kuwa kali. Kama anarudilia mutindo uliouza, anakuwa mutumwa wake. Kama anabadilisha, wauzaji hawajui tena kama wamuweke mu rap, mu rumba, ao mu kile kisanduku wanachoita muziki wa dunia. Baloji alichagua kubadilisha.

Sikiliza "Karibu ya Bintou". Jina ni la Kiswahili, na ndani kuko Konono No. 1, kundi la Kinshasa lililoanzishwa na mzee Mawangu Mingiedi mu miaka ya 1960. Mzee yule alitaka likembe yake isikike katikati ya kelele ya muji, akachukua sumaku mu vipande vya motokari za kale na kutengeneza maikro zake mwenyewe. Sauti ikatoka na mikwaruzo, na ile mikwaruzo ikabaki ndani ya muziki. Rap ya Liège ikikaa juu ya likembe ya namna hii, haiwezi tena kujifanya mugeni. Inalazimika kutembea kwa mwendo wa likembe.

Kuko tena "Nazongi Ndako". Ni Kilingala: narudi nyumbani. Mutoto wa Lubumbashi anasema anarudi nyumbani kwa lugha ya Kinshasa. Weka ile maneno pembeni kwanza, tutairudilia.

Wimbo wa 1960, swali la 2010

Kwa musomaji wa historia, kiini cha albamu hii ni wimbo wenye majina mawili: "Le jour d'après" kwa Kifaransa, "Siku ya baadaye" kwa Kiswahili. Umejengwa juu ya "Indépendance Cha Cha".

Tukumbuke ile ya kwanza ilitoka wapi. Mwezi wa kwanza 1960, viongozi wa Kongo walikutana Bruxelles ku Meza ya Duara. Joseph Kabasele, ule tunayeita Grand Kallé, alikuwa kule na wanamuziki wa African Jazz, pamoja na Nico Kasanda ku gitaa, na wengine wa OK Jazz kama Vicky Longomba. Tarehe 27 mwezi wa kwanza ilikubaliwa kama uhuru utakuwa tarehe 30 mwezi wa sita. Wimbo ukazaliwa ku zile siku. Unataja vyama na unataja viongozi kwa majina: Kasavubu, Lumumba, Bolikango, Kalonji, Tshombe. Wote mu wimbo mumoja, wote mu furaha moja. Afrika yote ikaucheza.

Sasa angalia ile orodha ya majina ukiwa umesimama Lubumbashi, wakati ule Élisabethville. Wimbo unaweka Tshombe na Lumumba bega kwa bega. Tarehe 30 mwezi wa sita uhuru ukafika. Tarehe 11 mwezi wa saba, siku kumi na moja paka, Tshombe akatangaza kama Katanga inajitenga. Na tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, mwaka moja kasoro siku kidogo tangu wimbo uimbwe, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa usiku mu pori, karibu na muji wetu. Mahali panaitwa Shilatembo. Wengi wetu tumepita kwa barabara ile bila kupunguza mwendo.

Kwa hiyo "Indépendance Cha Cha" haiwezi kusikika Lubumbashi sawa inavyosikika Kinshasa. Huku kwetu, mutu anayeijua historia anaucheza huku anahesabu majina.

Miaka makumi tano kisha, mu 2010, inchi yote ilikuwa inajitayarisha kwa sherehe ya uhuru. Baloji akachukua wimbo wa sherehe na kuugeuza kuwa swali. Jina lenyewe ni somo. Kwa Kifaransa "le jour d'après" ni kesho yake: asubuhi kisha ngoma, wakati viti vimeanguka na mutu anatafuta viatu vyake. Kwa Kiswahili "siku ya baadaye" inaweza kuwa ile kesho yake, lakini inaweza pia kuwa siku ya mbele, ile ambayo tungali tunaingojea. Wimbo mumoja unabeba uchovu ku Kifaransa na tumaini ku Kiswahili. Sijui kama alipanga hivyo, lakini mutu yeyote anayesema zile lugha mbili anasikia vyote viwili.

Angalia pia njia ya safari. Mu 1960 wanamuziki walitoka Kongo kwenda Bruxelles kuimba uhuru. Karibu na 2010, Mukongo aliyekomaa Ubelgiji alitoka kule kuja Kongo kuuliza uhuru ulifika wapi. Barabara ni ile ile, paka mwendo ulirudi nyuma.

Juu ya nini Kinshasa?

Turudilie ile tuliyoweka pembeni. Juu ya nini mutoto wa Lubumbashi anaita kurudi kwake "Kinshasa Succursale"? Succursale ni tawi, sawa vile benki kubwa inavyokuwa na tawi ku muji mwingine. Tawi la nani? Naye si mutu wa Kinshasa.

Ndugu mumoja atasema: alitusaliti, alitupa Kiswahili chetu, alienda kutafuta sifa za Kilingala. Mimi sikubali. Jibu liko mu historia ya kazi ya disiki mu Kongo. Tangu miaka ya 1940 na 1950, nyumba kubwa za disiki zilikuwa Léopoldville: Ngoma, Opika, Loningisa. Kule kulikuwa studio, mafundi, mabare na wauzaji. Siye tulikuwa na Union Minière. Kule walitengeneza nyimbo, huku tulitengeneza shaba. Na nyimbo zetu zikafwata njia ya shaba: zilitoka hapa na kwenda kumalizwa inje.

Mufano mukubwa ni Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke. Alizaliwa Bunkeya mwaka wa 1930. Mu 1952, Hugh Tracey, muzungu wa Afrika ya Kusini aliyezunguka na mashini ya kurekodi, alimukuta Jadotville, leo Likasi, na kushika gitaa yake. Disiki zilitoka na kampuni ya Gallo, Afrika ya Kusini. Kutoka pale, wapiga gitaa wa Kenya, wa Rhodesia na wa inchi zingine walianza kujifunza mukono wa Mwenda, ile ya vidole viwili kupiga sauti ya watu watatu. "Masanga" ikawa masomo kwa wapiga gitaa wa dunia. Lakini disiki haikutengenezwa Katanga.

Mu 1959 Mwenda alienda kufanya kazi Nairobi. Edouard Masengo, mwingine wetu, aliyepitia kundi la JECOKE ku komini Kenya, naye alijulikana sana kule. Mu 1969 Mwenda alipiga Newport, Marekani. Na albamu yake ya studio, ile yenye kuitwa kabisa albamu ya studio, aliirekodi Cape Town mu 1988. Mutu aliyejulikana tangu 1952 alingojea miaka makumi tatu na sita, na alipoipata, ilikuwa mbali na nyumbani. Miaka miwili kisha, mu 1990, alikufa kwa ajali ya barabara mu Zambia.

Basi Baloji alipoenda Kinshasa, alikuwa anapita mu njia ambayo bazee wake walikwisha kuikanyaga. Johannesburg, Nairobi, Cape Town, Kinshasa: mwimbaji wa Katanga amezoea kupewa sauti yake mu muji wa wengine. Kwa masikio yangu, ile "succursale" iko na uchungu kidogo ndani yake. Ukitoka Lubumbashi ukiwa mutoto, na ukitaka Kongo ikusikie, unapitia ku tawi la Kinshasa.

Katuba mu jina la kundi

Lakini Lubumbashi haikupotea. Iko mu sehemu ambazo mutu wa haraka hazioni. Kundi lenye kupiga na Baloji ku jukwaa aliliita Orchestre de la Katuba. Watu wa Bulaya wanasoma "Katuba" ku afishi na kufikiri ni neno lenye utamu wa Afrika. Siye tunajua Katuba: ni komini, na avenyu zake, na vumbi yake mu kiangazi, na makanisa, na mapikipiki. Ametembeza jina la komini yetu ku majukwaa ya dunia, bila kueleza mutu yeyote kama ni nini.

Mu kazi zilizofwata, ule uzi ulizidi kuonekana. Mu 2015 alitoa "64 Bits and Malachite", na malachite njo lile jiwe la kijani ambalo vijana wetu wanauzisha ku barabara. Mu 2018 albamu yake ikaitwa "137 Avenue Kaniama". Kutoka jina la Kinshasa mupaka namba ya lupango Lubumbashi: ilimuchukua karibu miaka munane. Mu 2023 filamu yake "Augure", juu ya kijana anayerudi kwao na familia inamukataa, ilipata zawadi ya sauti mupya ku Cannes mu sehemu ya Un Certain Regard. Watu wakasema: huyu ametoka wapi? Aliyesikiliza albamu ya pili hakushangaa. Yote ilikuwa pale: mama, kurudi, jina lenye kuogopesha, mulango wenye kusitasita kufunguka.

Na kuko kintu kingine cha 2011. Mu mwaka ule Crammed Discs walitoa pia kazi ya karindula, iliyorekodiwa hapa Lubumbashi na Vincent Kenis: ile gitaa kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi, ambayo mupigaji anaweza kukaa juu yake. Kwa hiyo mu mwaka mumoja, nyumba moja ya disiki ya Bruxelles ilikuwa na Lubumbashi mara mbili: mutoto aliyeondoka, na vijana waliobaki. Mutu wa Lubumbashi aliyetaka kununua vyote viwili ilimupasa kutafuta Ubelgiji.

Inatugusa wapi

Kuna watu watasema muziki si mambo ya watu wa masomo. Lakini Chuo Kikuu cha Lubumbashi chenyewe kilionyesha kinyume. Tangu 2000, muradi wa "Mémoires de Lubumbashi", wenye majina ya walimu kama Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, ulianza kukusanya maneno, picha, vitu vya nyumba na nyimbo za watu wa muji huu. Walishika kama wimbo wa mufanyakazi wa Union Minière ni hati ya historia, sawa karatasi ya ofisi.

Ile kazi haiwezi kuachiwa walimu paka. Baloji alikuwa na barua moja, na kwa barua moja alitengeneza albamu mbili na kurudi mupaka ku namba ya lupango. Siye tuko na masanduku. Ku Kenya, ku Kamalondo, ku Katuba, ku Rwashi, kuko nyumba zenye kaseti ambazo utepe wake umeanza kushikamana. Kuko bazee waliocheza mu makundi ya miaka ya 1970 na hakuna aliyewauliza jina la mupiga besi. Mwezi hauishi bila kusikia mumoja wao amefunga macho.

Kwa hiyo nawaomba kintu kidogo. Siku ya Mungu hii, kisha kula, keti na mzee wa nyumba yako. Mupigie wimbo mumoja wa zamani mu simu, wowote ule. Alafu umuulize paka hivi: nani alikuwa anaimba, mwaka gani, ku komini gani, na disiki ilitengenezwa wapi. Andika majibu na tarehe. Hata kama anakosea mwaka, andika, tutasahihisha pamoja. Na akianza kuimba yeye mwenyewe, usimukate. Fungua simu, urekodi.

Tuko pamoja, bandugu.